Jina la mtu na haki ya kusikilizwa
Hotuba iliyosomwa kwenye sherehe ya Siku ya Uhuru, Saint-Josse-ten-Noode, Brussels, 9 Desemba

 

Kamati ilipotuomba sisi wauguzi wa chama tuzungumze, nadhani ilitegemea tuzungumzie presha na sukari kama kawaida yetu. Ya presha tumeshayasema, na mliokula chumvi nyingi, kwa maana zote mbili, mnajijua. Leo tumeomba ruhusa tuseme la jina la mtu mwenye cheo. Awe waziri, awe jaji, awe mkuu wa wilaya, awe mweka hazina wa chama kidogo kama hiki chetu kinachokutana kwenye ukumbi wa kukodi, katika manispaa iliyo ndogo kuliko zote Ubelgiji kwa eneo. Nani anaruhusiwa kulisema jina hilo, na mwenye jina asikilizwe lini. Mnajua kwa nini tumelichagua. Tutafika huko.

Kwa kuwa ni Siku ya Uhuru, tuanze na Mwalimu. Mwaka 1958, miaka mitatu kabla ya bendera yetu kupandishwa, Julius Nyerere alisimama kizimbani Dar es Salaam. Hakuiba wala hakupiga mtu. Gazeti dogo la chama, Sauti ya TANU, lilikuwa limeandika maneno makali juu ya wakuu wa wilaya wa kikoloni, namna walivyotumia madaraka yao dhidi ya wananchi. Serikali haikuwaambia wale mabwana waende wenyewe mahakamani kudai fidia kama mtu mwingine yeyote aliyechafuliwa jina. Ilichukua kazi hiyo yenyewe na kumshtaki Mwalimu kwa jinai. Wakili D. N. Pritt akaja kutoka Uingereza, yule yule aliyekuwa amemtetea Jomo Kenyatta kule Kapenguria, akisaidiana na Mahmud Rattansey na K. L. Jhaveri wa hapo nyumbani. Hakimu akamwona Mwalimu ana hatia: shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Faini ikalipwa.

Tuliofundishwa kisa hiki shuleni tulikipokea kama kisa cha ushujaa, na ni kweli. Lakini kina upande mwingine ambao umetusumbua mwaka huu wote. Sheria ile ilikuwa ya mkoloni, na ilitungwa ili mwenye cheo asiguswe. Hata hivyo kesi iliendeshwa hadharani, mashahidi wakaulizwa maswali, mshtakiwa akawa na mawakili, na hukumu ikaja mwisho, baada ya maneno ya pande zote mbili. Sisi, watu huru, tulimhukumu mwenzetu bila kumpa hata hayo.

Ndugu zangu, msiba ule mnaukumbuka. Marehemu tumwache apumzike, na jina la mweka hazina wetu wa wakati ule hatutalitaja hapa kwa kuwa limetajwa vya kutosha. Tulichanga kama tunavyochanga siku zote, wengine kwa benki, wengine kwa bahasha mkononi, wengine kwa ahadi ambazo mpaka leo ni ahadi. Mwili ukasafirishwa, mazishi yakafanyika nyumbani salama. Wiki tano zikapita bila taarifa ya fedha. Halafu usiku mmoja ikaingia sauti kwenye kundi letu la WhatsApp.

Sauti ile haikuuliza chochote. Haikusema, "Mweka hazina, tunaomba hesabu." Ilisema hela za maiti zimeliwa, ikataja jina la mtu na jina la babake, na ikaongeza kwamba ukoo wao ndio zao. Sisi tunaosema mbele yenu tuliipokea ndani ya tramu asubuhi tukitoka zamu ya usiku. Tuliisikiliza mara mbili. Kisha tukaisambaza kwa watu watatu, na chini yake tukaandika neno moja tu: "Jamani!" Tumelifikiria sana neno lile. Halina tuhuma ndani yake, huwezi kumshtaki mtu kwa kusema jamani. Lakini kila aliyelipokea alijua tumeshaamini.

Kikao cha dharura kikaitwa Jumapili saa nane mchana. Mweka hazina alikuwa kazini, kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi, na zamu ya Jumapili mnaijua haina mbadala. Akaomba kisogezwe wiki moja. Tukasema anakimbia. Mzee wetu mmoja akauliza kama kuna mtu aliyeziona risiti. Akajibiwa, "Mzee, lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Watu wakacheka. Mikono ikainuliwa, mtu akavuliwa uongozi, chai ikanywewa.

Ni methali nzuri ile ukiitumia kwa mvua. Ukiitumia kwa mtu, imemaanisha kwamba kusemwa peke yake ni ushahidi, na hakuna mtu duniani anayeweza kujitetea dhidi ya hilo.

Miezi mitatu baadaye mjane akarudi kutoka nyumbani na bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na ankara ya kampuni ya mazishi, iliyochelewa kutolewa, na ndiyo sababu ya taarifa kuchelewa. Malipo ya ndege. Gharama za vibali na tafsiri za hati. Na karatasi ya benki kuonyesha kwamba kilichobaki chote kilitumwa kwenye akaunti ya mjane mwenyewe, hadi senti. Tuliketi wanne jikoni kwake tukajumlisha mara mbili kwa simu na mara moja kwa kalamu. Hesabu ilikaa.

Mikono ile iliyoinuka Jumapili haikuinuka tena kumrudishia mtu jina lake. Hakuna aliyeitisha kikao cha dharura. Mtu mmoja aliandika kwenye kundi, "Kumbe mambo yalikuwa sawa, Mungu mkubwa," na chini yake yakaja matangazo ya nauli za Krismasi. Mkewe, shoga yetu tuliyezoea kupika naye kwenye sherehe kama hizi, tukikutana rue de Brabant anatusalimia kwa adabu na kupita. Binti yao ameacha kuja darasa la Kiswahili la Jumamosi, baada ya mtoto mwenzake kumuuliza swali ambalo hakulitunga yeye. Alilisikia mezani kwao.

Kazini kwetu mambo haya hayaendi hivyo, na hatusemi hivi kwa kuwasifu Wazungu. Mwaka mmoja pete ya mgonjwa ilipotea wodini. Familia ikaandika malalamiko, na tuliokuwa zamu usiku ule tulikuwa wawili, wote weusi, mtajaza wenyewe yaliyobaki. Tulilia chooni. Lakini barua tuliyopewa ilisema tunatuhumiwa nini, tarehe gani, saa ngapi. Ilisema tuna haki ya kuja na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi na ya kusoma kilichoandikwa juu yetu. Tukaleta ripoti ya kukabidhiana zamu, ambamo sisi wenyewe tulikuwa tumeandika saa nne usiku kwamba binti wa mgonjwa ameondoka na vitu vya thamani. Pete ilikuwa kwenye kabati la binti. Tangu shahada yetu ya uuguzi, tuliyoisomea huku ugenini kwa lugha ya watu, tumeambiwa kwamba kisichoandikwa hakikufanyika. Usiku ule tulielewa kwamba maandishi yanamlinda mgonjwa, na yanamlinda muuguzi pia, ilimradi kuna mtu anakubali kuyasoma kabla ya kuamua.

Kuna kesi ya hapa hapa Ubelgiji inayosema jambo hili vizuri kuliko sisi, na tunaomba mtuvumilie tuieleze. Mwaka 1986 waandishi wawili wa jarida la Humo, Leo De Haes na Hugo Gijsels, waliandika makala tano za kuwashambulia majaji watatu na mwendesha mashtaka mmoja wa Mahakama ya Rufaa ya Antwerp. Majaji hao walikuwa wamempa baba malezi ya watoto, baba ambaye alikuwa ametuhumiwa kuwadhulumu watoto hao kwa namna tusiyoweza kuieleza mbele ya watoto wetu. Makala ziliwaita waheshimiwa wale waoga na wenye upendeleo, na zikagusa hadi siasa zao na jamaa zao.

Waheshimiwa walifungua kesi Brussels mwaka 1987. Waliifungua kama madai ya kawaida. Katiba ya Ubelgiji inataka makosa ya jinai ya magazeti yapelekwe mbele ya baraza la wazee wa mahakama, raia wa kawaida, na kesi za namna hiyo karibu hazifunguliwi kabisa. Kwa hiyo mwenye kuchafuliwa jina huku huenda kudai fidia. Wakashinda daraja zote, kutoka ya kwanza hadi mahakama ya juu kabisa mwaka 1991. Fidia waliyopewa ilikuwa faranga moja kila mmoja. Mmesikia vizuri, faranga moja, pamoja na amri kwamba hukumu ichapishwe kwenye Humo na kwenye magazeti mengine kwa gharama za waandishi. Faranga moja ilikuwa njia ya kusema: hatutaki hela, tunataka jina.

Waandishi wakaenda Strasbourg, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, na tarehe 24 Februari 1997 wakashinda. Kwa uhuru wa kusema walishinda kwa kura saba kwa mbili. Lakini sehemu inayotuhusu sisi leo ni ile ambayo majaji wote tisa walikubaliana: kwamba waandishi hawakusikilizwa kwa haki. Kule Brussels walikuwa wameiomba mahakama isome nyaraka, hasa maoni ya maprofesa watatu waliohusika na suala la watoto wale, ili ione kwamba walichoandika kilikuwa na msingi. Mahakama ikakataa kuzitazama. Angalieni hali ilivyokuwa. Waliolalamika ni majaji, wanaijua kesi ile ndani nje kwa sababu waliiamua wao. Wanaojitetea ni watu wawili ambao karatasi yao haifunguliwi. Strasbourg ikasema huo si usawa wa silaha.

Na tena, mahakama hiyo hiyo iliyowapa waandishi ushindi haikuwapa kila kitu. Makala moja ilikuwa imemgusa jaji mmoja kupitia mambo ya zamani ya baba yake. Hapo Strasbourg ilisema haikubaliki mtu kudharauliwa kwa sababu ya jambo linalomhusu ndugu yake. Tuliposoma hapo tulikumbuka ile sauti: "ukoo wao ndio zao". Ya mhusika unaweza kuyathibitisha au yakakushinda. Ya ukoo yanathibitishwa vipi, na nani?

Kuna wenzetu watasema hayo ni ya Ulaya. Basi twende Arusha, ambako Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ina makao yake. Mwaka 2014, tarehe 5 Desemba, iliamua shauri la Lohé Issa Konaté, mhariri wa Burkina Faso aliyefungwa miezi 12 kwa kumwandika mwendesha mashtaka wa serikali. Mahakama ilisema kumfunga mtu jela kwa kashfa kunavunja Mkataba wa Afrika, isipokuwa katika hali nzito na za nadra sana kama kuchochea chuki. Jirani zetu wa Kenya walifuata Februari 2017, Mahakama Kuu ya Nairobi ilipokifuta kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu. Kwetu, Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 ilifanya kashfa kuwa kosa la jinai. Mahakama ya Afrika Mashariki ikasema tarehe 28 Machi 2019 kwamba vifungu hivyo na vingine vya sheria ile vinakwenda kinyume na Mkataba wa Jumuiya. Na mwaka 2023 Bunge likaiondoa kashfa kwenye orodha ya jinai ya sheria hiyo. Bado kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na kifungu chake cha 16 juu ya taarifa za uongo, kwa hiyo wale mnaorekodi sauti usiku msishangilie mapema.

Ndipo linakuja swali la haki: kama mwenye cheo hawezi tena kutumia polisi kulinda jina lake, abaki na nini? Anabaki na mlango ule ule wa kila mtu. Bernard Membe, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje kuanzia 2007 hadi 2015, aliandikwa mwaka 2018 na gazeti la Tanzanite kwamba anamhujumu Rais. Akaenda Mahakama Kuu Dar es Salaam, na Oktoba 2021 mahakama ikaamuru mlalamikiwa wa kwanza, Cyprian Musiba, na wenzake wamlipe shilingi bilioni 9, ambazo kwa viwango vya wakati ule ni zaidi ya euro milioni 3. Membe alifariki tarehe 12 Mei 2023.

Tunaiheshimu hukumu, na kwamba mtu aliyeonewa na kalamu apate mahali pa kulia ni jambo jema; wakati ule kumsema Membe hakukuhitaji ujasiri wowote. Lakini tukiweka bilioni 9 upande huu na faranga moja upande ule, sisi, kwa maoni yetu, tunaelekea kwenye faranga. Fidia ya kiasi kile humtisha hata mwandishi mkweli, ambaye atajiuliza kama inafaa kuhatarisha nyumba ya watoto wake. Na aliyechafuliwa, mara nyingi anachokitaka ni kwamba waliosikia uongo wasikie na ukweli, kwa sauti ile ile, mahali pale pale.

Sasa upande wa pili, maana wapo viongozi humu wameanza kutabasamu.

Miaka michache nyuma, kijana wetu mmoja alisimama kwenye mkutano mkuu akauliza kwa nini ukumbi wa sherehe uligharimu mara mbili ya mwaka uliotangulia. Aliuliza kwa heshima, ameshika taarifa ya fedha mkononi. Kiongozi wetu wa wakati ule akasimama, akasema anachafuliwa jina, kwamba kijana hana adabu, na kwamba ana wakili. Kijana akaketi. Hakuna aliyemtetea, na sisi tulikuwa safu ya tatu. Swali halijajibiwa mpaka leo, na kijana siku hizi anashinda na vyama vya watu wengine.

Hilo nalo ni kuvuruga haki. Kuuliza risiti si kashfa. Strasbourg ilishasema tangu kesi ya Lingens dhidi ya Austria, 1986, kwamba mwanasiasa lazima avumilie kusemwa kuliko raia wa kawaida, kwa kuwa amejitokeza mwenyewe; na kwamba maoni ya mtu hayawezi kudaiwa ushahidi kama yanavyodaiwa madai ya jambo. Ukisema uongozi huu ni mzembe, hayo ni maoni, mwenye cheo ameze. Ukisema fulani amekula euro elfu mbili za msiba, hilo ni jambo, nalo lina ndiyo au hapana, na wewe uliyesema ndiye unayedaiwa karatasi. Hata sheria ya hapa inamruhusu anayeshtakiwa kwa kumsema mtumishi wa umma juu ya kazi yake kuleta uthibitisho kwa njia zote za kawaida. Katiba yetu ya Tanzania nayo, ibara ya 13, inampa mtu haki ya kusikilizwa kikamilifu pale haki zake zinapoamuliwa. Hatuoni sababu ya katiba ya chama kuwa na kurasa kumi na moja juu ya ada na sare za vitenge, na isiwe na mstari mmoja juu ya hilo.

Tumeuandika mstari huo na kuupeleka kwa katibu. Kiongozi akituhumiwa, aandikiwe anatuhumiwa nini. Apewe siku kumi na nne na kikao siku ambayo hayuko zamu. Alete karatasi zake na mtu wa kumsimamia. Watu watatu wasiohusika wazisome. Na uamuzi uandikwe na sababu zake. Na kiongozi akiulizwa hesabu, naye ajibu kwa maandishi ndani ya siku hizo hizo kumi na nne, bila kutaja wakili. Mkutano mkuu wa Januari utaamua.

Lililobaki halihitaji Januari. Tumeandika barua kwa mweka hazina wetu wa zamani, ukurasa mmoja. Inasema tulichofanya, tarehe tuliyofanya, na kwamba hesabu zake tulizipitia na zimekaa sawa. Haisemi "kama tulikukosea". Mjane amekubali nakala za risiti ziambatanishwe. Kesho saa tatu asubuhi itawekwa kwenye kundi lile lile la WhatsApp, na tutaisoma pia kwa sauti, kwa sababu kuna wanaosikiliza tu wasiosoma. Sisi wauguzi tumeshasaini, na aliyeandika "Jamani" ndiye aliyesaini wa kwanza. Barua iko kwenye meza ya sambusa, upande wa kulia, na kalamu mbili.